Mtaa Wetu Usiku, Nyeusi na Nyeupe

Mpiga picha wa pasipoti, aliyebandikwa jina la Moja-Tu kwa kuwa hakuwahi kumpiga mteja picha ya pili, alikuwa akiishi peke yake mwaka wa sita sasa. Mkewe alikuwa ughaibuni, akiuguza wazee wa watu. Jumapili moja akapiga simu.

"Nipigie picha mtaa wetu usiku, mume wangu. Za simu sizitaki. Nataka ya karatasi, nyeusi na nyeupe, kama zile za uchumba wetu."

Kesho yake Moja-Tu akaenda kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, muuza filamu za kamera. Zilikuwa zimebaki aina mbili tu.

"Chukua hii ya taratibu," shemeji akamshauri. "Picha itatoka laini kama hariri. Ila uiweke kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, usubiri nusu dakika nzima. Hii ya kasi unapigia mkononi, lakini itajaa chenga kama mchanga, na dada yangu atakucheka."

"Dada yako ananicheka tangu siku ya posa," Moja-Tu akajibu, lakini akachukua ya taratibu.

Giza lilipoingia alisimamisha stendi mbele ya duka la kinyozi, akafungua lenzi, akahesabu hadi thelathini. Kisha akajifungia bafuni, alikokugeuza chumba cha giza cha kusafishia picha, akaisafisha filamu na kuichapa picha. Taa zilimeta, matofali yalihesabika moja moja. Lakini wapita njia wote walikuwa wamefutika kwa kutotulia nusu dakika ile, hata kivuli hakuna. Mtaa mtupu, kama kitanda chake. Mpweke atampelekeaje mpweke mwenzake upweke mwingine?

Asubuhi alirudi dukani. "Nipe ya kasi. Heri chenga zenye watu."

Wiki tatu baada ya kuituma picha mpya kwa posta, simu ikalia. Alikuwa mkewe, picha mkononi.

"Huyu kijana anayefunga duka la kinyozi ni nani?"

"Mtoto wa jirani. Ulimwacha darasa la sita."

"Jamani! Na ndevu juu?" Akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Mbona wewe humo?"

"Si mimi niliyeshika kamera?"

"Nimekutafuta kila dirisha. Mkataba wangu wa kazi bado miaka miwili. Nitakuona wapi?"

Jioni ile Moja-Tu alisimama chini ya taa ya barabarani, asijue mikono aiweke wapi. Kamera alikuwa nayo shemeji.

"Legeza mabega, bwana! Unamtazama mkeo, si hakimu."

Mabega yakalegea. Machozi yakamlengalenga, na shemeji akabonyeza.