Silabi za Baba

Bibi harusi hagongi mlango. Anakaa kwenye godoro, macho chini, hina mikononi, akingoja kuambiwa kwamba ameshakuwa mke wa mtu. Mimi niligonga.

Upande wa pili, sebuleni kwetu Mwananyamala, baba yangu, Mwalimu Shomari, alikuwa amepeana mkono na Nassibu, bwana harusi, ili anioze. Alisema "Nimeku", akakwama. Sheikh akangoja. Nikamsikia baba mdogo Khalfani akikohoa, maana yeye alikwishajiandaa kuozesha kwa niaba yake.

Baba alifundisha Kifaransa sekondari huko Temeke, nami nilikuwa mwanafunzi wake. Kitenzi kwake hakikuandikwa kabla ya kugongwa: kila silabi, pigo moja la kidole juu ya dawati. Fi-nis-sons, yaani tunamaliza, mapigo matatu. Nous avons alitaka tuitamke nu-za-von, kwa sababu ile s ya mwisho haipendi kukaa bure, inahamia kwa jirani kama binti aliyeposwa. Darasa lilicheka, mimi nikaona haya.

Kiharusi kilimpata mwaka juzi. Kilichukua mkono wa kulia na maneno yote, isipokuwa vile vitenzi vya Kifaransa. Ukimwuliza anataka uji au chai, alijibu nous avons, vous avez, ils ont, yaani tunacho, mnacho, wanacho, matamshi safi kabisa, huku machozi yakimtoka. Hata mimi aliniita nous, yaani sisi. Iliniuma, sifichi.

Posa ilipokuja, baba mdogo alisema, kwa nia njema, kwamba mgonjwa asihangaishwe. Baba akakataa kwa kichwa mpaka kofia ikadondoka. Basi tukaanza. Kila baada ya alasiri niligonga meza, naye akafuata kwa mkono wa kushoto: ni-me-ku-o-ze-sha. Bi-nti ya-ngu. So-mo-e. Jina langu, mapigo matatu tu, ndilo lililomshinda zaidi. Siku moja alirusha kikombe ukutani.

Sasa mkono wa kulia ulikuwa kiganjani mwa Nassibu, na wa kushoto ndio uliomshikilia asianguke pale mkekani. Hakuwa na wa kugongea.

Niligonga tena. Bi Munira, kungwi wangu, akanikamata mkono, akaninong'oneza kwamba nawatia watu aibu.

"Niache, bi Munira. Baba hajamaliza."

Nikaendelea. Sauti ya baba ikaanza upya, nzito, pigo kwa pigo, ikavuka nimekuozesha, ikavuka binti yangu, ikafika kwenye jina langu, ikalisema. Nassibu alikubali haraka mno, mtu akacheka. Baba, kwa furaha, akaunganisha na nous avons mpaka ils ont. Sheikh akamngoja amalize, ndipo akainua mikono kuomba dua.

Jina hilo hajalitamka tena. Siku hizi naishi Tabata, na Ijumaa huenda kumpikia. Mimi nikiwa jikoni, yeye amelala chumbani, akinihitaji hugonga ubao wa kitanda mara tatu.

"Abee, baba," naitika.