Paskalina Mbele ya Kamati

"Umekuja India kumpa kaka yako nini?" mwenyekiti wa kamati ya hospitali aliuliza, na Frida, binti wa Babati aliyekuwa akisomea ufamasia pale Chennai, akatafsiri neno kwa neno.

Paskalina aliangalia mikono yake. "Simpi kitu," alisema. "Nimemsindikiza tu."

Kando yake alikuwa amekaa kaka mwenyewe, Mwalimu Nikolausi. Miaka kumi na tisa alikuwa akifundisha shuleni Basotu, amesikia majibu ya kila aina, lakini hajapata kusikia jibu baya kama hilo, tena kwenye mtihani mkubwa kama huo. Mwenyekiti alirudia swali kwa upole. Paskalina akasema yeye ni mkulima, hana cha kumpa mtu aliyesoma. Wajumbe watano walitazamana. Faili likafungwa. Wakaambiwa warudi baada ya siku tisa, na mwalimu akaonywa asimfundishe mdogo wake cha kusema, kwa maana wangejua. Mwalimu kukatazwa kufundisha! Laiti mguu wake usingekuwa umevimba kiasi kile, pengine angecheka.

Figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili. Huo ulikuwa mwaka 2009, na nyumbani hakuna hospitali iliyokuwa ikipandikiza figo. Serikali ilikubali kumpeleka India, ila aende na ndugu wa kumtolea. Ndugu wanne walishuka hadi Dar es Salaam kupimwa, na majibu yakaonyesha anayefaa ni mmoja tu: Paskalina wa Tumati, mke wa Margwe, mama wa watoto wanne, mkulima wa vitunguu saumu ambaye kabla ya safari hiyo hakuwahi kufika hata Arusha. Daktari alimweleza habari yote, kwamba atapasuliwa ubavuni, kwamba atabaki na figo moja maisha yake yote. Paskalina alisema, "Haya," kisha akampigia simu jirani yake kumwomba amkamulie ng'ombe mpaka atakaporudi. Basi. Hakuna aliyemsikia akisema neno lingine juu ya jambo hilo, si siku ile wala kwenye ndege, ambamo alikaa wima safari nzima na rozari mkononi, macho makavu kabisa.

Kamati nayo haikuwa na roho mbaya, tuseme ukweli. Kwa mgonjwa mgeni walikuwa na sababu ya kuwa wakali. Wapo matajiri waliokuwa wakinunua figo za maskini na kuwaleta kwa jina la ndugu, na wapo kaka wakubwa wanaowaburuta wadogo zao. Kwa hiyo barua ya ubalozi haikuwatosha, wala cheti cha ubatizo, wala dole gumba la Margwe kuonyesha kwamba mume ameridhia. Walitaka kusikia kwa masikio yao mtoaji akisema anatoa nini, anampa nani, na kwamba hakulazimishwa wala kulipwa.

Na hapo ndipo walipogonga mwamba, kwa sababu Paskalina alilelewa Tumati. Kwao, mtu akitaka kumsaidia jirani mwenye mgonjwa, humpeleka ng'ombe wa maziwa zizini kwake wakati mwenye nyumba yuko ndani. Akiulizwa, atasema ng'ombe kapotea njia, au kwake majani yamekwisha. Hatasema nimekupa. Kumtajia mtu usoni kile ulichompa ni kumdai, na ukishamdai ndugu yako, undugu wenu umeingia dosari. Baba yao alikuwa hivyo, na babu yao pia. Wajumbe walidhani mbele yao yupo mwanamke asiyejua alichojia. Kumbe alikuwa akiwaonyesha adabu ya hali ya juu kabisa aliyokuwa nayo.

Nikolausi alilijua hilo vizuri. Hata hivyo, siku zilivyopita, shaka ilianza kumla. Mara tatu kwa wiki alilazwa kando ya mashine ya kusafisha damu, na daktari alikwishamwambia kwamba mshipa wa mkono inakopitia damu hiyo umeanza kuziba. Kamati ikikataa, watarudishwa nyumbani, na kule hana miezi mingi. Lakini kilichomuuma zaidi ni swali la mwenyekiti: je, kuna aliyemlazimisha? Yeye ndiye kifungua mimba. Tangu utotoni, akisema twende, Paskalina alikwenda. Je, alipata kumuuliza kama anataka? Alipekua kumbukumbu zake zote, na hakuiona siku hiyo.

Asubuhi ya siku ya nane alimkuta jikoni, kwenye nyumba ya wageni walikopanga, akisonga ugali wa unga aliokuja nao kutoka Tumati, kwa sababu alisema wali wa kila siku ni chakula cha sikukuu, si cha watu wanaoumwa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Paskalina, acha mwiko kwanza." Aliketi kwa shida. "Sitakufundisha cha kusema, nimekatazwa. Nataka kukuambia tu kwamba ukitaka turudi nyumbani, tutarudi. Sitakasirika. Nitamwambia kila mtu kwamba daktari ndiye aliyekataa."

Paskalina hakuacha mwiko. Aliusonga ule ugali mpaka sufuria ikalia. "Unanifukuza?"

"Nakuuliza. Nilipaswa kukuuliza tangu mwanzo."

"Kaka, wewe umesoma lakini mambo mengine yanakupita." Sasa alikuwa amekasirika kweli, na akikasirika alikuwa mzuri wa kumtazama, kama mama yao. "Nilipimwa mimi au ulinipima wewe? Nilipanda ndege au ulinibeba? Sasa hawa wazee wanataka niseme mbele yako, huyu nimempa kiungo changu. Nikishasema, tutakaaje? Utakuwa unanishukuru kila Krismasi. Nitakuja Basotu kukusalimia, na badala ya kunitania utanivutia kiti kama mgeni. Mimi nataka kaka, sitaki mdaiwa."

 Nikolausi alimtazama mwanamke yule mfupi, mwenye mitandio miwili kwa baridi ya feni, akaona aibu kwamba kwa miaka yote alidhani yeye ndiye mwenye akili katika nyumba yao. Alimpenda kupita kiasi asubuhi ile. Na hakuthubutu kumwambia, maana angefukuzwa jikoni.

Siku ya tisa kamati ilikaa chumba kilekile. Mwenyekiti aliuliza swali lilelile. Paskalina alihesabu punje za rozari yake hata Frida akamuuliza kwa sauti ndogo, "Mama, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu."

Alisimama. Hakumtazama kaka yake hata kidogo. Aliwakazia macho wale wajumbe watano, kama mtu anayepitia njia asiyoipenda kwa kuwa hakuna nyingine.

"Nampa figo yangu," alisema. "Ya kushoto, ndivyo alivyosema daktari. Najua nitapasuliwa. Najua naweza kufa. Nilikubali mwenyewe siku ile ile, kabla kaka hajajua kama nimekubali. Sikutumwa na mtu. Kwetu maneno haya hayasemwi, nimeyasema kwa sababu mmeyataka ili aishi. Naomba msiniulize tena."

Frida alitafsiri taratibu. Mjumbe mmoja aliyekuwa akiandika aliacha kuandika. Paskalina aliketi, na Nikolausi akaelewa ni kitu gani amekivunja kwa ajili yake. Figo alikwishaitoa moyoni zamani, bila jasho. Maneno yale machache ndiyo yaliyomgharimu.

Mwenyekiti alimgeukia. "Na wewe, mwalimu, unapokea?"

Hilo hakulitegemea. Miezi yote ile hakuna aliyemuuliza. Alisimama kwa kushikilia meza, akatafuta sentensi nzuri ya Kiingereza, akaikosa, akasema kwa Kiswahili:

"Napokea. Na sina kitu duniani cha kumlipa."

Paskalina aligeuka kwa ukali mbele ya kamati nzima. "Nani amekuambia ulipe? Kaa chini, mguu huo utavimba."

Frida alifungua mdomo kutafsiri, lakini mwenyekiti alikwishavuta faili na kutia saini.