Mwaka Ule Mbuzi Alikula Kamba

Yule mbuzi nitamchinja Krismasi, na supu ya kichwa nitakunywa mwenyewe. Nasema mapema ili mtu asije akaniambia nina roho mbaya.

Mimi ni Wachuka, mjane wa Ndegwa, wa Subukia kule juu kahawa inapoishia na miti ya mikinduri inapoanzia. Kama uliwahi kununua asali nyeusi kama chai ya rangi, yenye uchungu kidogo nyuma ya ulimi, basi huenda ulikula yetu. Ndegwa alifariki miaka mitatu iliyopita, akaniachia mizinga arobaini. Mwaka huu mvua ya Aprili ilitukataa. Kahawa ikatoa maua ya kuhesabu, mikinduri ikakauka, na nyuki wakaanza kuhama. Kila asubuhi nilikuwa nakuta mzinga mwingine umenyamaza. Kufikia mwisho wa Mei nilikuwa nimebaki na saba kule shambani, na mmoja hapa kando ya jikoni.

Huo wa jikoni ni wa gogo. Ndegwa aliuchonga mwaka tuliooana, akautundika hapo nje nikiwa bado mgeni, naogopa kila kitu kinachopaa.

"Wewe unataka niumwe nikikupikia?" nilimuuliza.

"Watakuzoea," akasema. "Mimi mwenyewe ilinichukua wiki moja tu."

Huyo ndiye alikuwa Ndegwa. Na Aprili za wakati huo, jamani! Kahawa ikichanua, harufu iliingia mpaka kwenye unga. Ndegwa alishuka kutoka shambani sweta yake ya kijani ikinuka moshi, akaitisha chai kabla hata ya kunawa, na binti yetu Shiko na nduguze nyuma yake wakitafuna masega na kutema nta kila mahali. Niligombana na hiyo nta miaka mingi. Nta kwenye blanketi, nta kwenye nywele za Shiko, nta kwenye Biblia. Leo nikipata hata punje moja chini ya kitanda, naketi nayo mkononi kama mjinga.

Sasa, miaka ya kiangazi Ndegwa alikuwa anawapa nyuki maji ya sukari ili wasife. Lakini nyuki ukimpa sukari anaiweka kwenye masega na kuifunika vizuri kabisa, na mtu asiyejua anaivuna akidhani ni asali. Kwa Ndegwa huo ulikuwa wizi. Kila mzinga uliopewa sukari aliufunga kamba ya mgomba, na wenye kamba haukuguswa mpaka maua yarudi. Nami mwaka huu nilifanya hivyo hivyo. Mitano dhaifu nikaipa sukari na kuifunga kamba. Miwili yenye nguvu nikaiacha bila kitu, kwa sababu nilikuwa na kazi nayo.

Kazi yenyewe ni hii. Jirani yetu Kiarie, rafiki ya Ndegwa tangu shule, alikuwa anampelekea mtoto wake Mburu ruracio, yaani mahari, huko Gilgil. Siku Mburu alipozaliwa, Ndegwa alimbeba, akasema mbele ya watu, "Huyu akioa, asali ya wazee itatoka kwangu." Siku hizi wengi wanatoa pesa badala ya asali na mambo yanaisha. Lakini Kiarie si mtu wa siku hizi, na alikuwa amengojea mkebe huo wa asali miaka ishirini na minane.

Shiko aliniambia, "Mum, andika tu na maka pen. Kamba ni mambo ya kitambo."

"Baba yako alifunga kamba miaka thelathini na hakuna kitu kilimpata," nikamjibu. Kichwa ngumu, najua. Hata wewe ungekuwa nacho.

Basi yule mbuzi wangu akaingia shambani akala kamba zote tano. Kamba kavu, chungu, na pale kando kuna majani ya napia! Siku hiyo nilikuwa kanisani kwa mkutano wa akina mama. Shiko akaja kutoka kwake Kiamunyi, akaona mizinga yote haina kamba, akafikiri sijawapa nyuki kitu kwa sababu ya mgongo wangu unaouma. Mtoto mzuri sana, hana uvivu. Akachemsha sukari, akaijaza mizinga yote saba, wala hakunitajia, ati asinisumbue.

Jumatano jioni, siku tatu kabla ya ruracio, nilifungua ile miwili ya nguvu. Masega yalikuwa meupe na yamejaa. Nikafurahi, nikachovya kidole, nikalamba. Tamu tupu. Ule uchungu haukuwepo. Nikampigia Shiko simu, naye akanieleza yote.

Alhamisi akaja mbio. "Mum, pole. Pole sana. Lakini si tuwapelekee tu hiyo? Ni nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Basi tununue Nakuru, duka ni nyingi."

"Shiko, baba yako hakusema asali itatoka dukani."

Kiarie mwenyewe alikuja saa kumi, kofia mkononi. Nikamweleza yote, mpaka habari ya mbuzi. Hakucheka. "Mama Shiko, achana nayo," akasema. "Nitatoa pesa kama wengine." Lakini macho yake yalikuwa chini, na mimi namjua huyo mzee. Sikumwangalia. Nilikuwa naangalia lile gogo la jikoni.

Gogo halina mahali pa kuweka sukari, na hao nyuki hawakuwahi kupewa. Asali iliyokuwa ndani ilikuwa ya mikinduri ya mwaka jana, ile ile ya Ndegwa. Lakini nje hakukuwa na ua hata moja. Ukimnyang'anya nyuki akiba wakati wa kiangazi, hakai. Anakwenda. Hao walikuwa nyuki wa Ndegwa wa mwisho walioishi bila msaada wa mtu, na kila asubuhi nikiwasha moto nilikuwa nawasalimia. Ndiyo, nawasalimia, na wewe ukiona ni wazimu shauri yako.

"Baba Mburu, shika moshi," nikasema.

"Hapana, Mama Shiko. Wataenda."

"Nimesema shika moshi!"

Nilitaka kuwaachia nusu, vile Ndegwa alifanya. Wallahi nilitaka. Nusu haikufika hata katikati ya mkebe. Nikasimama hapo na kisu, Kiarie akikohoa moshi, na nikakata sega lingine, na lingine. Niliacha moja la ukubwa wa kiganja. Niliumwa mara mbili kwenye shingo, na sikuwalaumu.

Ijumaa saa nne walitoka. Wote kwa pamoja, kelele tupu, wakazunguka paa la jikoni mara moja, wakaelekea upande wa msitu. Shiko alikuwa anaosha vyombo. Alinishika mkono, nami nikamkaripia ati anamwaga maji.

Jumamosi tukaenda Gilgil. Wazee wa msichana waliketi upande wao, sisi upande wetu, na kabla ya neno lolote mkebe ukafunguliwa, ukamiminwa kwenye bakuli ili waonje. Bakuli likaanza kwa babu ya bibi harusi, Mzee Mwaura, mwembamba, mwenye kofia ya manyoya. Akachukua kijiko. Akafumba macho.

"Hii ni ya Ndegwa wa Subukia," mzee akasema.

Watu wakageuka.

"Nilikuwa nikipanda huko kila Agosti kununua kwake, kabla magoti hayajanikataa. Hii siwezi kuikosea." Akachukua kijiko cha pili, akampa jirani yake, na bakuli likazunguka, wazee wakilamba midomo na kusifu, Kiarie sasa ametabasamu mpaka masikioni. Bakuli liliporudi kwa Mzee Mwaura, akaniangalia. "Wewe ni mke wake? Mbona hakuja mwenyewe? Mwambie aniwekee mkebe mmoja wa Agosti, nitatuma mtu."

Nilikuwa nimejipanga kwa maswali mengi siku hiyo, lakini si hilo. Shiko akataka kunisemea, nikamzuia.

"Baba," nikasema, "Ndegwa tulimzika mwaka wa tatu huu. Na nyuki wa gogo alilochonga mwenyewe walienda jana. Hiyo mmeonja ndiyo ya mwisho, hakuna ingine."

Mzee akaangalia bakuli. Vilikuwa vimebaki vijiko viwili hivi, chini kabisa. Akainuka polepole na magoti yake hayo, akapita katikati ya watu, akaniwekea bakuli mapajani.

"Basi hii usimpe mtu," akasema.

Na sikumpa mtu. Nilikula yote, hapo mbele ya wakwe za watu, kwa kidole, nikilia, na nilipomaliza nikafuta bakuli na kulamba tena.