Jina Langu Si Ng'ombe

Mimi ni wa ukoo wa Liu. Wilayani kwetu, hapa Hubei nchini China, jina hilo ni balaa tupu, maana ndimi zetu hazijui kutenganisha n na l, na mtu akisema Niu amesema ng'ombe. Nimekuwa ng'ombe tangu chekechea. Bibi yangu ananiita ng'ombe kwa mapenzi yote, na Tan Yuqiao, niliyekaa naye dawati moja tangu tuanze sekondari ya juu, aliniita ng'ombe kila asubuhi akiazima kifutio.

Kumbe ulimi ukikosea, na sikio linakosea. Kwenye sehemu ya kusikiliza ya jaribio la Kiingereza la majira ya baridi, kipaza sauti kilichoning'inia juu ya ubao kilisema basi limechelewa kwa sababu ya snow, theluji. Yuqiao akasikia slow, akachagua jibu la dereva anayekwenda polepole. Nusu ya darasa tulichagua hilohilo, lakini sisi wengine tulikuwa tunataka uhandisi na uhasibu. Yuqiao alitaka chuo cha ualimu, akafundishe Kiingereza, na chuo chenyewe kinatazama alama za Kiingereza kabla ya kitu kingine chochote. Akiendelea kukosea hivyo, hakuna chuo.

Mwalimu Peng wa Kiingereza, mwenyeji wa hapahapa kama sisi, alimshauri kwa nia njema aachane na kusikiliza. Sehemu ile abahatishe, nguvu zake zote azitie kwenye kusoma.

"Sikio halifundishiki, binti yangu," alisema. "Mume wangu anaitwa Lan, na mpaka leo namwita Nan. Ameshazoea."

Darasa zima likacheka. Yuqiao hakucheka.

"Na watoto nitakaowafundisha, Mwalimu, wao watasikia nini?"

Mwalimu Peng akatuambia tufungue vitabu.

Wiki hiyohiyo Yuqiao akapata mafua, na mafua yakamfundisha. Pua ikiziba, aligundua, l inapita mdomoni bila taabu, lakini n inakwama. Basi hata alipopona akaendelea kuibana pua kwa vidole. Asubuhi, wakati wa kusoma kwa sauti, sote tukipiga kelele kila mtu na kitabu chake, yeye alisimama mwisho wa korido, pua kaibana, anarudia snow, slow, snow, slow. Wavulana wakamuuliza kama choo kimefurika. Akawajibu kwamba harufu inatoka kwenye alama zao, akaendelea.

Siku moja nilimwambia nimechoka kuitwa mnyama, hayo mazoezi ayaanzie kwangu.

"Sikuiti tena," akasema. "Mpaka nisikie tofauti kwa sikio langu mwenyewe. Nikilitaja jina lako, nitalitaja kwa haki yake."

Nilidhani utani. Lakini tangu siku ile nikawa "wewe", na kifutio akawa anakichukua bila kuomba. Mtu anaweza kutamani hata kuitwa ng'ombe.

Kusoma nako hakukuacha, ila alikufanya kutumikie sikio. Kabla sauti haijaanza, alisoma majibu yote, akayatamka kimyakimya moja moja, ili neno likija likute mlango uko wazi. Jicho litangulie, alisema, sikio lifuate. Alikosea tena na tena, na kila akikosea alirudisha sauti nyuma. Mimi ningekuwa nimeshakata tamaa zamani, nasema kweli.

Siku ya mtihani mkuu wa kuingia chuo magari yalizuiwa barabarani, na muuza tofu anayenadi mtaani aliambiwa afunge mdomo, ili tusikie vizuri. Yuqiao aliangukia chumba kimoja nami, mbele yangu. Sauti ikaanza. Tukafika kwenye mtu aliyetaka kitu fulani, light au night, taa au usiku, nami nikapotea palepale. Mbele yangu mkono ukapanda puani. Midomo ikacheza bila sauti. Mkono ukashuka, ukaandika. Msimamizi, aliyemwona Yuqiao akibana pua, akanigeukia mimi kwa jicho baya, kana kwamba nimechafua hewa.

Nje ya geti mama yake alikuwa anangoja na gauni lake jekundu la bahati, ameshika ua la alizeti. Nikamuuliza Yuqiao imekuwaje. Aliibana pua yake mbele ya watu wote.

"Liu," akasema.

Likapita lote, bila kukwama. Machozi yakanitoka kama mtoto.

"Jamani, Niu," mama yake akanishika bega, "unalia nini?"

Yuqiao akamshika mama yake mkono, akaupeleka taratibu mpaka puani.

"Si Niu, mama. Bana hapa, useme pamoja na mimi."