Salfa Kwenye Majani

Kasiano alikuwa ameshapaka rangi nyekundu mikorosho kumi na mmoja nilipomnyang'anya brashi.

Msinione mkorofi. Rangi ile maana yake ng'oa, choma moto. Kasiano, bwana shamba wetu hapa Naipingo, alikuja na simu yenye akili mnemba: unapiga picha jani, inakutajia ugonjwa. Kila jani langu iliona njano, ikasema mnyauko. Miti yote ishirini na mbili! Ndiyo iliyotulisha tangu afariki mume wangu, baba yake binti yetu Faudhia.

"Mama Faudhia, tusibishane. Hii imesoma majani laki moja."

"La kwangu imelisoma leo. Mimi naishi nayo miaka thelathini."

Hasira zilinipanda, nikamnyooshea brashi usoni. Ndipo nikaviona vidole vyangu, navyo vya njano. Alfajiri ile, umande ungalipo, nilikuwa nimepulizia salfa, ile dawa ya unga wa njano, shamba zima, kama tunavyofanya huku maua yakitoka. Loo! Simu imeona dawa, ikaiita ugonjwa.

Nikalowesha pindo la khanga, nikafuta jani. Kijani kibichi.

"Piga tena."

Akapiga. Mzima. Tukaenda mti kwa mti, mimi nafuta, yeye anapiga, na rangi yake naikwangua kwa panga. Nilicheka kwa makusudi, majirani wasikie.

Wa ishirini nilitaka kuupita. Chini yake tulizika kitovu cha Faudhia.

"Huo haujambo," nikasema.

Kasiano aliusogelea mti. Alisimama tu, simu mkononi. Nikarudi, nikafuta jani. Nikafuta tena kwa nguvu mpaka likachanika. Lilibaki njano. Na mimi nilijua tangu mwezi wa sita. Nilikuwa naupulizia salfa mara mbili, najidanganya.

"Mnyauko," alisema taratibu. "Ukibaki, utaambukiza wenzake. Vijana wa mradi huu wa simu watakuja kuung'oa."

"Hawaugusi."

Niliuangusha mwenyewe, siku tatu, kwa shoka na jembe, nikauchoma palepale huku nalia.

Miaka miwili sasa. Kasiano hapigi picha kabla ya kuuliza umepulizia lini, na kitambaa anacho mfukoni. Kukiwa na ubishi, ananifuata mimi.

Juzi Faudhia alipiga simu kutoka Ruangwa, akauliza habari za mti wake. Nilikuwa sijamwambia. Nikamweleza kwamba niliukata kwa mkono wangu.

Kisha akaendelea:

"Na ile mingine?"

"Inachanua," nikamwambia.