Gugu la Nyuma ya Ukuta

Ilikuwa mwaka 1986, majira ya mvua, wiki ya pili tangu zilipoanza kunyesha. Mwanangu alikuwa amefariki miezi minane kabla ya hapo, na mkewe alikuwa hajachora hata jani moja tangu siku tuliyomzika.

Kazi ya mkaza mwanangu ilikuwa kuchora nakshi za kutarizia mashuka na vitambaa vya meza, katika kiwanda kidogo chenye wanawake kumi na wanne. Alichora kwenye karatasi nyembamba, kisha akaitoboa mistari yake kwa sindano, tundu baada ya tundu. Karatasi ililazwa juu ya kitambaa na kupanguswa kwa furushi la pamba lenye unga wa mkaa. Mkaa ulipenya matunduni na kuiacha nakshi kwenye kitambaa, tayari kwa wenye sindano. Karatasi moja huweza kutumika mara mia. Ndiyo maana kwa miezi hiyo yote hakuna aliyemgundua: alizitoa karatasi za zamani kabatini, akazipangusa mkaa, akazirudisha.

Aliyemgundua ni mwenye kiwanda, ambaye wanawake walimwita Bi Rula kwa kuwa rula haikumtoka mkononi hata alipokunywa chai. Alikuja nyumbani kwetu mwenyewe, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayeogopa kukizoea.

"Poleni kwa msiba," alisema, kisha, bila hata kumeza mate: "Dada, wateja wameanza kunicheka. Waridi lile lile kwenye shuka, waridi lile lile kwenye mto. Mmoja kaniuliza kama kiwandani kwangu maua mengine yamepigwa marufuku."

"Nitachora," alisema mkaza mwanangu.

"Nakshi tano mpya. Nakupa wiki sita. Ukishindwa, meza yako nitampa mwingine. Sina ubaya nawe."

"Mwenye ubaya hajitangazi," nikasema mimi. Bi Rula akajifanya hakusikia.

Siku tisa zikapita. Kila jioni mkaza mwanangu aliketi mbele ya karatasi nyeupe, akainuka ikiwa nyeupe vile vile. Siku ya tisa muuguzi wa zahanati, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuja kuazima kinu, akaiona ile karatasi, akayaona na macho ya mkaza mwanangu.

"Fanya hivi," alimwambia. "Kila asubuhi toka nje, tafuta kitu kimoja kinachoota. Kichore kilivyo, hata kama mchoro ni mbaya. Kisha useme neno jema moja la siku hiyo. Moja tu, lakini liwe la kweli."

"Na akilikosa?" niliuliza.

"Hatalikosa, bibi."

"Mimi nimefundisha shule miaka thelathini na mmoja. Nimewaona wanaokosa."

Hata hivyo asubuhi iliyofuata mkaza mwanangu alitoka. Nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na mfereji wa maji, palikuwa na gugu linalotambaa, lenye majani membamba. Sikulijua jina lake, wala sikutaka kulijua. Mkaza mwanangu aliweka kigoda hapo, akaweka daftari magotini, nami nikiwa jikoni nilimsikia akilisema neno lake kwa sauti, kama mtoto anayesoma ubaoni.

"Leo limetoa jani la saba."

"Wenzako wanaongeza mali, wewe unaongeza majani," nilimjibu kupitia dirishani.

Akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba, na sitaficha: kilinichoma.

Asubuhi ya kumi na tisa aliniita. "Mama, lina matumba matatu! Kesho yatafunguka. Njoo uyaone."

"Kesho," nikasema.

Alipokwenda kazini nilichukua jembe. Nilijiambia kwamba mfereji umeziba. Kwamba nyoka hupenda majani. Kwamba nyumba ya mwalimu haiwezi kuwa na kichaka. Nililing'oa lote. Kisha nikachemsha sufuria ya maji, nikatia vikombe viwili vya chumvi, nikayamwaga yakiwa yanatokota juu ya udongo ili lisirudi. Ndivyo mama yangu alivyonifunza kuua magugu, na sijapata kuona gugu lililonishinda.

Asubuhi alitoka na kigoda chake. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni, majibu yangu yote yamejipanga: mfereji, nyoka, kichaka. Hakuniuliza. Alisimama palepale, daftari kifuani.

"Neno jema la leo," alisema. "Nyuma ya nyumba kumetakata."

Akaingia ndani. Afadhali angenitukana.

Siku mbili zilizofuata hakutoka. Alikwenda kazini, akarudi, akalala. Siku ya tatu alikwenda akaliacha daftari mezani. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa nimefungua madaftari ya watu bila kuomba ruhusa. Mkono ulikwenda wenyewe.

Kurasa za kwanza gugu lilifanana na waya. Ukurasa wa tano shina lilianza kuwa na uzito. Ukurasa wa kumi na mbili jani moja lilikuwa limeinama kwa tone la mvua, na tone lenyewe lilikuwa karibu kudondoka. Nilijikuta nimeinua kidole ili nilipanguse. Chini ya kila mchoro palikuwa na neno la siku. *Leo nguo zimekauka kabla ya mvua. Leo muuguzi ameimba.* Kisha: *Leo mama hakukohoa.* Na siku ya jani la saba: *Leo mama amenitania.*

Nilikaa chini. Wala sikuwa nimeogopa nyoka, wala mfereji haukuwa umeziba. Nilikuwa nimeona kwamba binti yule yuko njiani kupona, nami sikutaka kuachwa peke yangu na msiba wangu. Mwanangu yuko udongoni, mkewe anahesabu majani! Hilo ndilo lililoninyanyulia jembe.

Nilichukua beseni, nikatembea hadi kando ya reli, mahali ambapo gugu lile lilikuwa limejaa tele. Nilipiga magoti kwenye matope, nikalichimba kwa mikono pamoja na udongo wake, nikalibeba, nikalipanda nyuma ya ukuta. Mkaza mwanangu alipotoka kazini alinikuta nimelichuchumalia. Lilikuwa limekwisha lala chini, limenyauka.

"Unafanya nini, mama?"

"Ninalipa."

"Chumvi niliiona asubuhi ile. Haitauachia udongo huo mwaka huu."

"Najua. Niliitia mwenyewe."

Alichuchumaa kando yangu. "Achana nayo, mama. Magugu hayana bei."

"Sikusema bei, nimesema deni. Nilikung'olea asubuhi kumi na tisa. Nilizing'oa kwa makusudi."

Hakusema, "Haidhuru." Nilimshukuru kwa hilo. Alinitazama mpaka nikayateremsha macho, mimi niliyewafanya wengi wayateremshe yao.

"Asubuhi hulipwa kwa asubuhi," alisema. "Utanipeleka huko ulikolichimba. Mimi nitachora. Neno jema utalisema wewe."

"Mimi?"

"Tena la kweli. La uongo silihesabu."

Zilibaki siku kumi na moja kabla wiki sita za Bi Rula hazijaisha. Kesho yake tuliongozana hadi kando ya reli, mimi na mwavuli, yeye na kigoda.

"Haya, mama."

"Leo hakuna matope mengi."

Aliitazama miguu yangu. "Umezama mpaka kwenye vifundo."

"Basi sema wewe."

"Hiyo haihesabiwi."

Siku ya pili nilisema, "Leo nimeamka." Alifikiri kidogo, akasema, "Hiyo naipokea."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuwafundisha watoto sitini kugawanya. Usiku nilijigeuza kitandani nikitafuta neno la kesho. Yeye alichora: ua la buluu lililofunguka alfajiri na kujikunja kabla ya adhuhuri, utando wa buibui wenye umande, mbegu iliyoganda kwenye pindo la sketi. Jioni alitoboa karatasi zake, nami nikasikia sindano ikienda taratibu, tik, tik, tik, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliotangulia.

Siku ya mwisho alikuwa na nakshi nne. Ya tano ilikuwa imechorwa, lakini alikataa kuitoboa.

"Itie, mwanangu!" nilimsihi. "Bi Rula atahesabu, hatatazama."

"Nimeibuni tu ili zitimie tano. Haijapumua, mama."

Bi Rula alihesabu. Alizipima nne kwa rula, akazichukua zote nne, na meza akampa mwingine. Mkaza mwanangu alipewa pembe karibu na kabati la mkaa, alipwe kwa kila nakshi itakayopendwa. Alirudi na vitu vyake ndani ya mfuko mmoja. Niliona mabega yake nikajua kwamba kesho hatatoka, na kwamba ningebaki na deni hilo mpaka nizikwe nalo.

Kulipopambazuka alikuwa mlangoni na kigoda.

"Kumi zimelipwa, mama. Bado tisa."

"Na meza?"

"Meza imekwenda. Mkono umerudi."

Tukaenda. Mvua zilipungua, kisha zikaacha; gugu likaanza kunyauka ncha zake, naye akachora kunyauka kwake kwa uangalifu ule ule. Mimi nilimaliza maneno yote mepesi: hali ya hewa, afya, mkate ulioiva vizuri. Asubuhi ya kumi na tisa nilisimama nikiwa mtupu. Yeye alikuwa ameinama, penseli mkononi, akilifuata shina kavu kana kwamba ni njia ya kwenda kwa mtu.

"Haya, mama," alisema bila kuinua kichwa.

Katika miaka yangu yote ya ualimu sikumsifu mwanafunzi mbele yake, na mwanangu mwenyewe sikumsifu hata siku aliyomleta nyumbani binti huyu.

"Mwanangu alioa vizuri," nikasema.

Penseli ikasimama. Kisha akaliandika neno langu chini ya mchoro, akapuliza vumbi la penseli.

"Kumi na tisa," alisema. "Hatudaiani, mama."