Pumzi Ndani ya Taa ya Kushoto

Taa ya gari ikiingia maji, kule Mingoyo huokwa. Erasmo, fundi wa taa pale njia panda, huing'oa, akavuka nayo hadi uani kwa Bi Saida, ambaye huoka mikate kwenye tanuri la matofali. Mikate ikishatoka, tanuri hubaki na joto la kuvumilika, na hapo ndipo taa huwekwa juu ya sinia mpaka gundi yake ilainike. Kioo kikibanduka, Erasmo huifuta ndani, huiacha ikauke, husafisha kile kimpira cha nyuma kinachopitisha hewa, kisha huifunga kwa gundi mpya. Taa za nusu ya magari ya Lindi zimewahi kunukia hamira, na hakuna mwenye gari aliyelalamika.

Taa ya kushoto ya Mzee Abdulatifu ndiyo iliyokataa kukauka. Mzee huyu anauza mabati na saruji, anaswali safu ya mbele, na hapungukiwi na salamu popote apitapo. Alisema taa ililegea siku alipogonga mbuzi kule Mtama. Erasmo akaifungua, akaikausha, akatia ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na maboksi ya viatu, akaifunga. Asubuhi ukungu ulikuwa umerudi. Akaifungua tena, akabadilisha kimpira, akapaka gundi kwa ukarimu. Ukungu ukarudi. Tena haukukaa: kioo kilififia, kikang'aa, kikafifia. Erasmo akadhani kimpira kipya nacho ni kibovu, maana siku hizi vitu vinakuja vibovu vikiwa bado kwenye karatasi.

Mara iliyofuata Bi Saida ndiye aliyeitoa taa tanurini, kwa kuwa Erasmo alikuwa ameitwa kwenye basi lililokosa taa za breki. Akaiweka juu ya meza ya kukandia unga. Ilikuwa inapumua. Pumzi mbili fupi, kisha moja ndefu yenye filimbi kwa mbali.

Erasmo aliporudi alimkuta amesimama palepale na kitambaa cha kushikia sinia mkononi.

"Erasmo, hii taa ya nani?"

"Ya Mzee Abdulatifu, mama. Imenishinda. Si ya yule mbuzi wa Mtama?"

"Mbuzi gani mwenye pumu?"

Erasmo akainama, akatega sikio. Alimjua Fauzia tangu anatambaa, na misimu yote ya vumbi alikuwa akimsikia akihangaika na kifua ng'ambo ya ukuta. "Ndiye," akasema, akaenda kumletea mama mtu kigoda akae.

Fauzia alikuwa mtoto pekee wa Bi Saida. Masika iliyopita alitoka alfajiri na beseni la mikate kupeleka dukani upande wa pili wa barabara, gari likamgonga na halikusimama. Askari walipima lami kwa futikamba, wakaandika, wakaondoka. Mzee Abdulatifu alikuja mazikoni na gunia la mchele, akapokea jeneza begani kama wanaume wengine. Tangu siku hiyo Bi Saida alikuwa akimwomba Mungu jambo moja. Hakuomba mtu afungwe, wala apatwe na baya. Aliomba aliyefanya aseme, "Ni mimi," ili ajue ni nani wa kumsamehe. Msamaha alikuwa nao tayari, umemkaa kooni, na hakuwa na pa kuupeleka.

Mzee alipokuja kulichukua gari lake, taa ilikuwa imerudishwa mahali pake, na Bi Saida ameketi mbele ya bampa.

"Shikamoo, Mzee," akasema Erasmo.

"Marahaba. Imepona?"

"Haijapona, Mzee. Humo ndani mna pumzi ya marehemu Fauzia."

Mzee Abdulatifu akainama, akasikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza mawaidha. Hakubisha. "Kweli, ni yeye," akasema. "Nilimzoea yule binti. Mwenyezi Mungu amrehemu."

"Imeingiaje?" Bi Saida akauliza.

"Pumzi ni hewa, Bi Saida. Hewa huingia popote penye upenyo. Na barabara ile napita kila siku."

"Baba, sitaki kukushitaki. Niambie tu."

"Nikuambie nini tena? Mimi niligonga mbuzi."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuwa na gari.

Askari mmoja wa barabarani aliletwa. Akaweka kiganja juu ya kioo, akahisi uvuguvugu, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, kwani yeye mwenyewe ana mtoto mwenye pumu. Lakini pumzi, alieleza, haiwezi kula kiapo, na tena mwenye mbuzi hajalalamika. Akashauri wamalizane kiungwana, watu wa mji mmoja.

Wazee wakakaa, wakanywa kahawa, wakamaliza. Mzee Abdulatifu alikubali masharti yote kwa moyo mkunjufu. Taa haitazibwa wala kubadilishwa. Kila Ijumaa baada ya swala ataliegesha gari mbele ya nyumba ya Bi Saida mpaka alasiri, ili mama akae na mwanawe. Watu wakasema huo ndio uungwana, maana mwingine angeliuza gari Dar na mama angebaki mikono mitupu. Bi Saida akauliza kama katika masharti hayo limo lile neno. Akajibiwa kwa upole kwamba mtu akishakubali yote hayo, neno la nini tena?

Ndivyo ilivyo hadi leo. Ijumaa gari huja, naye Bi Saida hutandika mkeka karibu na gurudumu, akafuta vumbi la nje ya kioo kwa ncha ya kanga. Pumzi ikiwa nzito, huchemsha majani ya mkaratusi akayaweka chini ya kimpira, na filimbi ikapungua. Majirani wapitao humwuliza Fauzia kaamkaje. Hujibu kaamka vizuri, ila jana kifua kilimbana kidogo. Inauma kumtazama, na bado huwezi kusema kwamba hafarijiki.

Ijumaa iliyopita Mzee alikuwa na harusi ya mpwa wake Mtwara, akaja kulichukua gari mapema, na wageni wake wakapanda wakiwa wamejipamba. Bi Saida alikuwa bado ameweka kiganja kwenye kioo.

"Baba," akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza saa, "ni wewe?"

Mzee akavuta subira. "Bi Saida, kweli hata shukrani hunipi?"

Wageni walikuwa wanatazama. Jirani mmoja akamgusa bega, akamnong'oneza amshukuru, mtu kamfanyia makubwa.

"Ahsante," akasema Bi Saida, akaondoa mkono.

Mzee akaliwasha gari, akaingia barabarani kwa mwendo wake wa siku zote, na watoto wa madrasa waliokuwa wakivuka wakatimua mbio kumpisha.